Jason Sendwe, muganga aliyekataa inchi ikatwe



Jason Sendwe alizaliwa 1917. Alisomea uganga, akahudumia wagonjwa, kisha akaongoza chama cha Balubakat. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alipotangaza Katanga imejitenga, Sendwe alikataa: yeye alitaka Kongo moja.

Vita ikawaka kaskazini, pande zote mbili zikamwaga damu. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Baluba walikimbilia askari wa ONU kule Élisabethville. Mwaka uliofuata wengi walirudishwa. Hao ndio walitutangulia njia hii ya kurudi.

Kujitenga kuliisha Januari 1963, na Sendwe akawa prezida wa provensi ya Nord-Katanga. Lakini Juni 1964, wakati wa uasi, aliuawa hapa hapa kwetu, muji ukiitwa bado Albertville. Leo hospitali kubwa ya Lubumbashi ina jina lake.

Basi tusidanganyane: bunduki kunyamaza siyo amani kufika. Anayerudi anakuta shamba limeshikwa, jirani ana woga. Miezi ile ya kwanza ndiyo mufuko wetu unapaswa kumufikia, bila kumuuliza kabila.