Tundu la Kuchungulia Goti

Kwetu Bariadi mwanamke anayemsalimia mkubwa wake hupiga goti. Mama yangu amefanya hivyo tangu alipokuwa binti. Mwaka juzi, kwenye msiba wa jirani, nilimwona akiwasalimia wazee amesimama, mkono mmoja ukutani. Hakuna aliyemlaumu, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema neno.

Picha ilionyesha magoti yamesagika: gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, limelika. Daktari alimpa dawa za maumivu na mazoezi. Mama, hata hivyo, alikuwa na habari nyingine. Mgeni kutoka mjini alimwambia kuna upasuaji wa matundu madogo: wanatoboa tu, wanaingiza kamera, wanasafisha, na baada ya siku chache unatembea. Alikuwa tayari kuuza ng'ombe wawili aende Dar es Salaam.

"Uliza huko kwenye simu yako," aliniambia. "Kama ni kweli, niambie."

Nikauliza, na jibu likanipeleka Tokyo, mwaka 1918. Huko Profesa Kenji Takagi alichukua kifaa cha kuchungulia kibofu cha mkojo akakiingiza kwenye goti la maiti. Miaka sita nyuma, Mdenmark aitwaye Severin Nordentoft alikuwa amewaeleza madaktari waliokutana Berlin juu ya kulichungulia goti namna hiyo. Takagi alihangaishwa na kifua kikuu cha goti, kilichowaacha wagonjwa na mguu usiokunjika. Wajapani walikula na kupokea wageni wakiwa wamepiga magoti sakafuni. Goti gumu lilimtenga mtu na watu wake. Hapo nilisimama kusoma. Nilikuwa naona mkono wa mama ukutani.

Kwa miaka mingi tundu lilikuwa la kuchungulia zaidi kuliko kutibu. Mwanafunzi wa Takagi, Masaki Watanabe, ndiye aliyepitisha kazi humo: mwaka 1962 alikata kipande cha gegedu kilichochanika katikati ya goti la kijana wa miaka 17, aliyeumia akicheza mpira wa kikapu. Mwaka 1964 Robert Jackson alitoka Kanada akaenda Tokyo, huko akajifunza kwake, akaurudisha ujuzi huo Amerika ya Kaskazini. Leo unapatikana hata kwetu, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996.

Lakini mtazame tena yule mgonjwa wa 1962. Ni kijana mwenye jeraha moja, na kamera inaonyesha mahali pa kukata. Ndivyo ilivyo hata kwa mcheza mpira aliyekatika kano, au mtu ambaye goti lake linakwama ghafla baada ya kuanguka. Goti la mama halikuchanika mahali pamoja. Limelika lote, kama tairi la baiskeli iliyobeba pamba kwa miaka arobaini. Tairi hilo hata ukiliosha, halirudi kuwa jipya.

Hata hivyo, magoti ya namna hiyo yalioshwa na kukwanguliwa kwa miaka mingi. Mwaka 2002 daktari Bruce Moseley na wenzake wa Houston, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 180. Kundi moja lilikwanguliwa goti, la pili likaoshwa, la tatu likachanjwa ngozi tu na kushonwa. Kwa miaka miwili hawakuona makundi mawili ya kwanza yakipata nafuu kuliko lile la tatu.

Nilimsimulia mama jioni, tukichambua mchicha.

"Yaani waliwachanja bure?"

"Walikubali kabla, mama. Walijua huenda wakachanjwa ngozi tu."

Akafikiri. "Na ng'ombe wao walirudishiwa?"

Tulirudi kwa daktari na maswali matatu. Kuna nini ndani ya goti ambacho tundu hili litakitengeneza? Asipopasuliwa itakuwaje? Na hatari zake ni zipi? Maana hata tundu likiwa dogo, maambukizi na damu kuganda mguuni vinaweza kutokea. Daktari hakukasirika. Alisema kamera haitamsaidia. Aimarishe misuli ya paja, apunguze uzito, ashike fimbo. Maumivu yakizidi, kuna kubadilishiwa goti, na huo ni upasuaji mkubwa, wenye maswali yake.

Ng'ombe wako zizini. Kila asubuhi mama hukaa kwenye kiti, hunyoosha mguu mmoja, huhesabu kwa Kisukuma mpaka kumi, kisha hubadilisha. Ngazi anazipanda vizuri zaidi, ila kupiga goti bado hawezi. Akikutana na wazee huinama kidogo, mkono juu ya paja, na huwahi kusema mwenyewe kabla hawajauliza: "Kilichochakaa ni goti, si heshima."