Neno la Kiingereza linajulikana kwa nafasi yake

Hapa Fizi na Baraka tulianza masomo na Kiswahili, Kifaransa kikafuata, Kiingereza kikakuja nyuma kule sekondari. Ndiyo maana "They water the beans" inatusumbua. Tunajua "water" ni maji. Sasa inafanya nini pale katikati?

Jibu liko katika historia. Orodha ya aina za maneno haikuzaliwa Uingereza. Wagiriki walihesabu aina nane, zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Waroma wakaichukua kwa Kilatini. Mwaka 1795 Lindley Murray akatoa sarufi ya Kiingereza yenye aina tisa, ikatumika katika shule nyingi.

Lakini Kigiriki na Kilatini zinaonyesha kazi ya neno kwenye mwisho wake. Sisi tunaionyesha sana mwanzoni: mkulima, kilimo, analima. Kiingereza cha zamani nacho kilikuwa na miisho mingi. Kwa karne nyingi mingi ikaanguka. Ikabaki hasa nafasi ya neno.

Basi tusiulize diksionere peke yake. Tuangalie neno limesimama wapi. "The water": jina. "They water": kitenzi, wanamwagilia.

Hii si mchezo wa darasani. Kama maelezo ya dawa ya shamba yanasema "Water before you spray", ni amri: mwagilia kwanza, kisha upulizie. Mwenye kuona "maji" tu anaweza kuyamimina ndani ya pompe, na shamba likabaki kavu.