Choo Kikijaa, Nani Anabeba?

Ukikaa Segerea wakati wa masika, kuna harufu unayoijua hata ukifumba macho. Mvua inapiga bati usiku kucha, na asubuhi mfereji wa uchochoroni una rangi nyingine. Hakuna anayeuliza. Kila mtu anajua kwamba kuna mwenye nyumba "katapisha" choo: ametoboa ukuta wa shimo na kuyaachia maji ya mvua yamalizie kazi. Watoto wanaruka mfereji, wanakwenda zao shule.

Ndugu msomaji, usizibe pua. Historia ya jiji haiishii Ikulu na bandarini. Nyingine iko futi chache tu chini ya ardhi, uani kwako.

Enzi za ukoloni Waingereza waliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo kwa Waafrika. Mabomba ya majitaka yalipokuja, yalitandazwa katikati ya mji na kuelekezwa baharini. Uswahilini kulibaki na shimo, na shimo likijaa aliitwa topasi. Neno hilo asili yake ni Bara Hindi, lakini Waswahili hawakuridhika nalo, wakampa mtu huyo jina jingine: chura. Fungua kamusi, utalikuta. Mtu mzima, ana mke na watoto, anaitwa chura kwa sababu tu anaingia pale ambapo sisi tumetoka.

Uhuru ukaja. Mwaka 1973 ikaanzishwa kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2, wengi wao wa vijijini, walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wakaondoka na majembe kwenda kuchimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa, wala sikejeli. Ila kijijini choo kikijaa unachimba kingine pembeni. Mjini utachimba wapi, chini ya kitanda cha mpangaji?

Na mji haukungoja. Sensa ya 1967 iliwakuta watu kama 270,000 hivi Dar es Salaam. Ile ya 2022 iliwakuta zaidi ya milioni 5.3. Watu walikimbia, mabomba yakabaki nyuma, na mpaka leo kaya nyingi mno zinategemea shimo au karo. Halafu vichochoro vyetu ni vyembamba, gari la kunyonya haliwezi kupita. Kati ya 1988 na 1992 Waholanzi wa shirika la WASTE, pamoja na idara ya majitaka ya jiji, walijaribu kifaa kilichoitwa MAPET: pampu ya mkono na tangi la lita 200 juu ya mkokoteni. Kiliweza kupenya uchochoroni, lakini hakikuweza kusukumwa mbali, hivyo uchafu ulifukiwa palepale uani. Katika miaka ya 2000 ikaja pampu nyingine ya mkono, Gulper. Chura naye hakwenda likizo. Huja usiku, humwaga mafuta ya taa kupunguza harufu, hushuka shimoni na ndoo. Asubuhi mwenye nyumba hamsalimii.

Sasa tuseme gari limefika mpaka mlangoni, limenyonya, limejaa. Linakwenda wapi? Kwa sisi wa Segerea safari si ndefu: ng'ambo ya bonde la Msimbazi, kwenye mabwawa ya Vingunguti. Ufundi wake ni rahisi, tena mzuri. Bwawa la kwanza ni la kina kirefu, humo tope huzama na kuoza bila hewa. Yanayofuata ni ya kina kifupi. Jua, upepo na mwani wa kijani husaidia bakteria kula uchafu, na vijidudu vya maradhi hufa polepole. Hakuna mashine kubwa, jua tu na subira. Lakini maji ya bomba ni kama uji mwepesi, na mzigo wa gari ni ugali. Magari yakimwaga mfululizo, tope hujaa chini. Lisipochimbuliwa, maji hupita mbio kabla hayajasafika, na yakitoka hapo huelekea Mto Msimbazi, ule ule ambao mbele ya safari humwagilia mchicha tunaonunua kwa mafungu.

Hapa kuna jambo linaloniuma. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, jirani zetu, waliipeleka halmashauri ya jiji mahakamani kwa ajili ya dampo la taka lililokuwa likiwafukizia moshi. Wakashinda. Halmashauri iliendelea kuomba muda, mpaka 1991 mahakama ikakataa. Tuliosoma habari hiyo tulipiga makofi. Lakini dampo halikuyeyuka. Lilihamia Vingunguti, huko huko kwenye mabwawa. Yaani ushindi wa mtaa mmoja uligeuka mzigo wa mtaa mwingine.

Ofisi nazo zimebadilisha vibao. DAWASA ilianzishwa 1997, DAWASCO ikaja 2005, na mwaka 2018 zikaunganishwa tena kuwa DAWASA. Kipindupindu hakisomi vibao. Agosti 2015 kililipuka hapa hapa Dar es Salaam, kikasambaa mikoani, na kabla 2016 haijaisha wagonjwa walishapita 20,000 nchi nzima. Tukamlaumu muuza matunda, tukamlaumu mama ntilie. Yule aliyetapisha choo usiku hakutajwa.

Wenzangu mnaoota kuandika riwaya, na mimi nimo. Madaftari yetu yamejaa wapenzi wa ufukweni Coco na majambazi wa Manzese. Kwangu mimi yamo matatu kamili, na nimeyapekua yote: hakuna hata ukurasa mmoja wenye chura. Hatumwandiki kwa sababu ile ile inayomfanya mwenye nyumba asimsalimie. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Jiji linaloona haya kutaja kinyesi chake litaendelea kukificha kwenye mfereji wa jirani.

Masika yakirudi, mfereji utabadilika rangi tena. Safari hii nimeamua nitatoka niulize ni nani. Na akija yule wa ndoo, nitaanza kwa kumwamkia, kisha nimuulize jina lake.