Fimbo, ndizi na mbwa wetu wa Pweto

Wandugu wa promo, na ninyi wadogo mnaosoma bado, leo sitaongea mihogo wala mbolea. Ninataka kuongea mbwa. Mtacheka, najua.

Kwetu Pweto, pale fasi Luvua inatoka mu ziwa Mweru, tusamaki tudogo twa chisense tunaanikwa juani, na mbwa wanajua saa ya kupita. Wa kwetu aliiba, nikamchapa. Akaiba tena, nikazidisha. Alichojifunza ni kungoja mimi nitoke. Siku moja nilinyoosha tu mkono nimfunge kamba, akaniluma kidole. Anayejua kwamba kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu ni karibu kifo, ataelewa kwa nini usiku ule sikulala.

Watu wanasema kuchapa mbwa njo desturi yetu. Mimi sikubali yote. Nkambo wangu alikuwa mwindaji, na mbwa wake alipewa matumbo ya nyama palepale porini, mbele ya mtu yeyote kula. Fimbo nayo ina historia ya vitabu. Mwaka 1910 afisa mmoja wa polisi Mjerumani, Konrad Most, aliandika kitabu cha kufundisha mbwa kilichotegemea sana kulazimisha, na polisi na majeshi waliifuata njia ile miaka mingi.

Lakini njia ya nkambo nayo ilikuwa inaingia mu maabara. Mwaka 1898 Thorndike, Marekani, alifunga paka mu sanduku akaona kwamba kitendo kinacholeta chakula kinarudiwa haraka zaidi. Skinner akaendeleza kwa panya na njiwa. Wanafunzi wake wawili, Keller na Marian Breland, wakafungua kampuni ya kufundisha wanyama miaka ya 1940. Kisha Karen Pryor, kule Hawaii, miaka ya 1960, akapewa pomboo awafundishe. Sasa pomboo utamchapa namna gani? Ukimuuzi, anaogelea, anaenda zake. Ikabaki filimbi na samaki: filimbi inamwambia "hapo hapo, umepata", samaki anafuata. Kitabu chake cha 1984 ndicho kilichofikisha jambo hili kwa wenye mbwa wengi.

Mnaona ni mambo ya Wazungu? Nendeni Morogoro, Tanzania, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Chuo cha kilimo, kama sisi! Tangu 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya akinusa baruti na kukwaruza, anasikia mlio mdogo wa klika, anapewa ndizi. Karibu miezi tisa hivyo, bila kofi hata moja. Mmoja wao, Magawa, alipata medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Na hapa Kongo, Virunga ilianzisha mwaka 2011 kikosi cha mbwa wa kunusa nyayo za majangili.

Niliposoma habari ya wale panya, njo nikaona kosa langu. Kila kasamaki mbwa alikoiba kalikuwa mshahara wake, unalipwa papo hapo. Fimbo yangu ilifika dakika kumi baadaye, wakati amelala mlangoni, kwa hiyo alichopigiwa, kwa akili yake, ni kulala mlangoni. Ao kuniona.

Nikafanya mambo mawili. Chisense nikaipandisha juu ya uchanja, ili wizi usilipe tena. Halafu kila alipokaa kwenye gunia lake bila kusogea, kipande mdomoni mara moja, si baadaye. Akinirukia na matope yake, ninageuka, ninamnyima hata macho. Siku za kwanza aliruka zaidi, karibu niokote fimbo tena.

Ilichukua wiki tatu. Jirani wa parsele ya pili bado anacheka, eti ninalipa mbwa mshahara. Mshahara wenyewe ni bukari ya jana, saizi ya ukucha.