Boriti za Rufiji juu ya darasa la Matrah

Kwenye kipindi kilichopita tulisoma ujumbe wa msikilizaji mmoja aliyetutania: nyinyi watoto wa Maskati mmesoma kwenye eisi, sie tulisoma chini ya mti na tukaelimika. Tulicheka sana. Lakini neno lile lilinikaa, manake huo mti tunahadithiwa tangu utoto na hakuna anayeuliza kwa nini palikuwa na mti pahala pa skuli. Yaani, pesa zilikuwa wapi?

Tuanzie mbali kidogo. Seyyid Said alipofariki 1856, wanawe waligombania ufalme. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza kule India, aliamua Unguja iwe mbali na Maskati iwe mbali, na Unguja iilipe Maskati reali 40,000 kila mwaka. Baadaye serikali ya Kiingereza ya India ikaubeba mzigo huo wa malipo. Kwa hivyo hazina ya Maskati kwa miaka mingi ilikula fungu lenye asili ya Unguja, na skuli hazikuonja kitu. Mpaka 1970 skuli za serikali Oman nzima zilikuwa 3: Salalah, Maskati, na Saidiya ya hapa Matrah iliyofunguliwa 1959. Wanafunzi 909, wote wavulana.

Tumtendee haki Sultan Said bin Taimur: alirithi madeni 1932 na aliogopa kukopa tena. Lakini mafuta yalianza kusafirishwa nje 1967, na miaka mitatu baadaye skuli zilikuwa zile zile tatu. Hapo mie sina la kumtetea.

Julai 1970 akaingia Sultan Qaboos. Mwaka wa masomo uliofuata skuli zilikuwa 16, wanafunzi karibu 7,000, na zaidi ya 1,100 kati yao wasichana. Kufika 1975/76 skuli ni 207. Sasa hebu fikiri, nani angejenga majengo yote hayo kwa miaka mitano, katika nchi ambayo barabara za lami zilikuwa za kuhesabu? Ndio yakaja mahema, vibanda vya makuti ya mitende, na nyumba za kupanga. Serikali ilichagua kulipa walimu kwanza, kuta zije baadaye.

Mama yangu alikuwa mmoja wa hao walimu. Alitoka Unguja, akapewa darasa katika nyumba ya kupanga Matrah, chumba kilichokuwa majlis ya watu. Siku ya kwanza akainua macho akaona boriti. Mikoko! Ile ile inayokatwa Rufiji na Lamu, iliyokuwa ikiletwa na majahazi mpaka bandari ya Matrah, kwa sababu huku miti ya kuezekea hakuna. Juu ya boriti makuti, juu ya makuti udongo. Mvua Maskati hunyesha mara chache, lakini ikinyesha milima yote ya Matrah humwaga maji bondeni mara moja, na dari ya udongo hainusuriki. Mama akiona vumbi la mchwa linadondoka kwenye madaftari, huwahamishia watoto upande wa pili wa chumba.

Na ukarabati? Mwenye nyumba akisema mpangaji ni serikali, basi serikali itengeneze. Ofisini wakisema skuli mpya inajengwa, ya nini kutia pesa kwenye nyumba ya mtu. Wote walikuwa na hoja. Boriti ikabaki vile vile misimu mitatu.

Mie nasema uamuzi wa 1970 ulikuwa sawa; kungoja majengo kungewanyima kusoma watoto wa rika zima. Ila "kwa muda" ilirefuka. Hata mimi, mtoto wa miaka ya themanini, nilisoma zamu ya mchana, kwa kuwa jengo moja lilibeba skuli mbili.

Tabia hiyo haiko Oman peke yake. Mwaka 2021 Tanzania ilipopata mkopo wa IMF, zile trilioni 1.3 za UVIKO, tulichosikia ni madarasa mapya 15,000. Darasa jipya linahesabika, linafunguliwa kwa utepe. Paa lililozibwa halipigwi picha. Oktoba hiyo hiyo kimbunga Shaheen kikaipiga Batinah, skuli zikajaa matope, na Sultan Haitham akaamuru uundwe mfuko wa taifa wa dharura. Pesa ya matengenezo ilipata jina baada ya maafa.

Na sie je? Kwenye grupu letu la ukoo tunachangia skuli moja ya shamba, Unguja. Mwaka jana tulitaka kujenga darasa lenye kibao cha jina la babu. Mwalimu mkuu akaomba mabati na misumari tu. Tulibishana wiki mbili, na kura ya mwisho ilikuwa ya mama.

Mabati yamekwenda. Kama una picha ya skuli za mahema au nyumba za kupanga Matrah ya miaka ya sabini, tutumie kabla ya kipindi kijacho.