Kutoka Rabai hadi Rabai Road

Abiria wa matatu ya Buruburu husikia makanga akitangaza vituo wala hashtuki. Jogoo Road ina mtaa uitwao Mbotela. Mbele kuna Rabai Road, na ndani ya Buruburu kwenyewe kuna Mumias South Road. Waliobandika majina hayo hawakuwa na nia ya kusimulia kisa kimoja, lakini mawili ya mwisho yanatoshea safari ya miguu iliyofanywa kabla Nairobi haijakuwapo, na mwenye safari alikuwa mtu aliyerudishwa Afrika kwa kazi ya injili.

Katikati ya karne ya 19, manowari za Uingereza zilikuwa zikiyanasa majahazi ya watumwa katika Bahari Hindi. Watoto waliokutwa humo hawakurudishwa kwao. Wengi walikuwa wametekwa mbali barani, hasa upande wa Ziwa Nyasa, na njia ya kuwafikisha huko ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara walewale waliowauza. Baadhi wakavushwa hadi Bombay, kisha wakalelewa katika kituo cha Church Missionary Society huko Sharanpur, karibu na Nashik. Walifundishwa useremala, uhunzi, Kiingereza na Biblia. Wakatoka humo na majina mapya: William Jones, Ishmael Semler, Jacob Wainwright, Matthew Wellington.

Mwaka 1864 Jones na Semler walitumwa Mombasa kumsaidia Johannes Rebmann, Mjerumani aliyekuwa Rabai tangu 1846 na ambaye waumini wake walikuwa wachache mno. Wazungu wa misheni waliona jambo hili ni dhahiri: Mwafrika amesoma, basi arudi nyumbani awahubirie ndugu zake. Ila ndugu zake walikuwa nani? Rabai ni kwa Wamijikenda. Mtoto aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa alikuwa mgeni huko sawasawa na Rebmann.

Mlinganishe Jones na Gladys Leakey. Binti huyu wa Canon Harry Leakey alikulia katika misheni ya Kabete, akajua Kikuyu tangu utotoni, na baadaye akafanya kazi ya kanisa katika nchi ileile. Yeye aliweza kuonyesha kwa kidole nyumba aliyochezea utotoni. Jones alionyeshwa bara zima, akaambiwa ndilo kwao.

Hata hivyo alilitumikia. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi, kisha wakaondoka pamoja kwenda Uganda kwa njia ya Umasaini. Walipofika Kwa Sundu, mji wa Wanga tunaouita leo Mumias, askofu alitangulia na watu wachache na kumwachia Jones msafara. Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones alingoja hadi habari zilipothibitika, ndipo akawaongoza wapagazi mamia ya maili hadi Rabai, wakafika mapema mwaka 1886.

Huko Rabai kulikuwa na kazi nzito kuliko mahubiri. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia misheni, na mabwana zao wakiwadai. Mambo yalitulia George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa alipowalipa wenye mashamba, na mwanzoni mwa 1889 watoro wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, Freretown ilikuwa imeanzishwa mwaka 1875 na William Salter Price, mchungaji yuleyule aliyeongoza Sharanpur. Hapo ndipo ukoo wa Mbotela unapoingia. Mbotela mkubwa hakupitia India. Meli ya Waingereza ilimwokoa, naye akaletwa Freretown. Mwanawe James akaandika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichotoka mwaka 1934 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi. Kinaisifu Uingereza kiasi cha kumkera msomaji wa leo, lakini ni nadra kuupata utumwa ukisimuliwa kwa Kiswahili na mtoto wa aliyeuonja.

Elimu ya Freretown iliwapandisha watu wake hadi Nairobi. Tom Mbotela, wa ukoo huohuo, akawa kiongozi katika chama cha KAU na mpinzani wa wazi wa Mau Mau. Aliuawa Novemba 1952 karibu na soko la Burma. Mwaka uliofuata akauawa diwani Ambrose Ofafa. Serikali ya mkoloni ikayatia majina yao katika mitaa mipya ya Eastlands. Uhuru ulipokuja, Doonholm Road ikageuzwa Jogoo Road kwa heshima ya alama ya KANU. Mbotela haikuguswa.