Hongo: Ushuru wa Ugogo Uliogeuka Rushwa

Ukitaja hongo leo mjini Dodoma, kila mtu anaelewa unasema rushwa: fedha inayopenyezwa kwa siri ili haki ipindishwe. Karne moja na nusu iliyopita, katika nchi hiyo hiyo ya Ugogo, hongo ilikuwa malipo ya wazi ambayo kila msafara ulimpa mtemi ili uruhusiwe kupita nchini kwake. Kamusi ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1939 bado iliziweka maana hizo mbili pamoja, ushuru wa njia na rushwa. Kwa baadhi ya watu, ujirani huo wa maana unathibitisha kwamba rushwa ni jadi yetu, na kwamba ofisa anayedai chochote mezani anarithi tu alichofanya babu yake. Historia ya Ugogo inakataa hitimisho hilo. Hongo ya misafara ilikuwa kodi ya nchi yenye mwenyewe, na ilihesabiwa kuwa uovu baada ya huyo mwenyewe kunyang'anywa mamlaka.

Tuanze na ardhi, maana bila maji hongo haieleweki. Njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, ilipita Mpwapwa, ikakata nyika kavu ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo, kisha ikatokea upande wa magharibi kupitia pori la Mgunda Mkali. Nyanda hizi hupata mvua ya msimu mmoja tu, na haba. Msafara wa mamia ya wapagazi waliotoka kuvuka nyika ulifika ukiwa na kiu na njaa, na kilichouokoa ni visima vya Wagogo pamoja na mtama na uwele wa mashamba yao. Wakati wa kiangazi, kisima kilichonywesha wageni mia tano ni kisima kilichopungukia ng'ombe wa wenyeji. Mtemi ndiye aliyesimamia nchi hiyo: watu waliamini kwamba mvua na rutuba ya eneo lake vilimtegemea yeye na mawe ya mvua aliyoyatunza. Aliyelipa hongo kwa mtemi alikuwa anakubali kwamba maji na njia anayoitumia vina mwenyewe.

Habari nyingi za malipo hayo tunazipata kwa watu walioyachukia. Wasafiri wa Kizungu Richard Burton na John Speke walipita Ugogo mara ya kwanza katika safari ya 1857 hadi 1859, na Henry Stanley akapita mwaka 1871. Wote walinung'unika, lakini manung'uniko yao yametuhifadhia utaratibu wenyewe. Msafara ulipiga kambi, mara nyingi penye mibuyu, kisha kiongozi akatuma wajumbe kwa mtemi na mafurushi ya nguo: merikani, kaniki na barsati, zikihesabiwa kwa doti, yaani shuka mbili za mikono minne minne. Nguo zilikaguliwa, zikakataliwa, zikaongezwa, na mashauri yaliweza kuchukua siku kadhaa. Wakikubaliana, wageni walikuwa huru kununua chakula na kuendelea, hadi nchi ya mtemi mwingine, ambako mashauri yalianza upya. Mvumi walilipa, Kanyenye, kwa mtemi Magomba, walilipa tena. Mwarabu alilipa, Mnyamwezi alilipa, na Mzungu alilipa. Mpokeaji alijulikana, na sababu ya kulipwa ilijulikana pia. Rushwa haiwezi kuishi hata siku moja katika mwanga wa namna hiyo.

Atatokea mtu wa kusema kwamba huo ulikuwa unyang'anyi tu, kwa kuwa kiwango hakikuwa na kikomo na mwenye mzigo mkubwa alikamuliwa zaidi. Ni kweli kwamba wapo watemi waliozidisha, na kwamba utitiri wa vituo ulichosha misafara. Lakini kodi kuwa nzito hakuifanyi kuwa rushwa. Tangu mwaka 1429 wafalme wa Denmark walitoza kila meli iliyopita mlangobahari wa Øresund, kwa sababu tu waliweza kuufunga. Ushuru huo ulifutwa kwa mkataba wa mwaka 1857, mwaka ule ule Burton alipoondoka pwani kuelekea Ugogo, na mataifa yenye meli, Uingereza ikiwemo, yalimlipa Mdenmark fidia ili aachie haki yake. Jambo lililoitwa haki ya mfalme kule Ulaya liliitwa udokozi kwa mtemi wa Kigogo. Mtemi hakupewa hata senti ya fidia.

Pingamizi zito zaidi linahusu lugha. Huenda kuhonga kulikuwa na harufu ya rushwa tangu zamani huko pwani, kabla ya Mjerumani yeyote kufika. Nalikubali hilo, ila inafaa tuulize Kiswahili cha njia ile kilikuwa kinywani mwa nani. Kilikuwa lugha ya waliolipa: wafanyabiashara wa pwani, viongozi wa misafara na wapagazi wao. Mlipa kodi hana desturi ya kuisifu kodi. Waliopokea walisema Kigogo, na hata kitabu cha Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo kilichapishwa mwaka 1954, miongo mingi baada ya mtemi wa mwisho kupokea doti ya msafara. Kukubali hayo hakutulazimishi kuwapamba watemi. Misafara ile ilibeba pembe na kuswaga watumwa, na hongo ilipokewa kutoka kwa wauza watu pia. Hiyo ni aibu ya biashara nzima ya zama zile, na waliofaidika nayo walikuwa kuanzia Ugogo hadi Unguja na ng'ambo.

Kilichofuata kilikuwa ushindi wa silaha. Mwaka 1890 Mjerumani Carl Peters, akipita Ugogo, alijibu madai ya hongo kwa risasi na moto wa vijiji, na akajisifia hilo kitabuni. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, na reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, misafara ya miguu ilikwisha. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani na baadaye Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920 ikamaliza watu. Kuchukua huko kote kuliitwa kodi na mahitaji ya vita. Jina la hongo lilibaki bila mtemi, bila kisima na bila baraza. Likamwangukia yeyote anayejilipa kwa siri kutokana na cheo ambacho si mali yake.

Suala hili halijaisha. Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha sheria ya uchaguzi na kuruhusu takrima, kwa hoja kwamba mgombea kuwakirimu wapiga kura ni ukarimu wetu wa jadi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinavunja Katiba. Mahakama iliamua sawa, na historia ya Ugogo inaiunga mkono. Jadi ya kweli ya hongo ilidai malipo yafanywe mchana, kwa mwenye nchi, kwa ajili ya maji na njia. Anayetetea bahasha ya leo kwa jina la mababu na atuonyeshe kwanza kisima alichochimba.